Povu la chungwa: maswali yenu kuhusu Orange Julius ya nyumbani

Barua za mwezi huu zimekusanyika kwenye glasi moja: Orange Julius, ile juisi ya machungwa ya Marekani inayopigwa pamoja na maziwa, vanila na barafu mpaka inafura povu. Wapo wanaoikumbuka kutoka maduka makubwa ya kule miaka ya 1970 na 1980, na wapo walioisikia tu wakataka kuijaribu kwa machungwa ya nyumbani. Tumekaa sana pale panapoharibika na kupita haraka pasipo na ugumu.

Wapishi wetu, salaam. Mama mkwe aliwahi kuishi Los Angeles, na kila joto likizidi anaitaja Orange Julius. Nimemtengenezea mara tatu kwa juisi ya boksi, maziwa, vanila na barafu. Ladha inafanana kwa mbali, ila ni nyepesi kama maji na povu halionekani. Nakosea wapi? (Msomaji, Minneapolis)

Ndugu yetu, kosa liko kwenye boksi. Kinywaji hiki nyumbani hutengenezwa kwa juisi nzito iliyogandishwa, ile ya kopo inayokaa kwenye friza za maduka ya Marekani. Juisi hiyo imetolewa maji mpaka ikabaki karibu robo ya ujazo wake, kwa hiyo mililita 180 zina chungwa lote lililokuwamo kwenye mililita 720 za juisi ya kawaida. Sasa piga hesabu. Ukiongeza maziwa mililita 240, maji mililita 240 na barafu gramu 200, unapata mililita 860 hivi, na chungwa bado lina nguvu karibu sawa na juisi tupu. Fanya hivyohivyo kwa mililita 420 za juisi ya boksi, weka maziwa na barafu ileile: chungwa limebaki nusu. Hapo hata uongeze sukari kiasi gani, utakachopata ni maziwa matamu yenye harufu ya chungwa.

Kwa glasi nne, chukua nusu ya kopo la aunsi 12 la juisi nzito (ndizo mililita 180), maziwa yasiyo na mafuta mililita 240, maji baridi mililita 240, sukari ya unga gramu 50 (vijiko 6 vya mezani vilivyosawazishwa), vanila kijiko 1 cha chai, unga wa ute wa yai vijiko 4 vya chai, na vipande 8 vya barafu vya ukubwa wa kawaida. Unga wa ute wa yai unauzwa kwenye rafu za vifaa vya keki. Soma paketi kabla hujalipa, maana kuna unga wa kupambia keki ambao sehemu kubwa ni sukari na ute ni kidogo. Ukitumia huo, punguza sukari nyingine.

Anza kwa kuchanganya unga wa ute na sukari vikiwa vikavu, kwenye kibakuli. Watu wengi huuruka mwendo huu. Unga wa ute ukiangukia maji peke yake unafanya madonge yanayong'ang'ania chini ya visu, na hayayeyuki tena. Mimina maziwa na maji kwenye blenda, ongeza ule mchanganyiko mkavu na vanila, zungusha polepole sekunde 10, kisha kwa kasi sekunde 20. Povu la kwanza linazaliwa hapa, kabla chungwa halijaingia. Weka juisi nzito ikiwa bado nusu imeganda, kijiko kwa kijiko, blenda ikizunguka taratibu. Barafu iwe ya mwisho, kwa kasi kubwa, sekunde 15 hadi 20.

Kwenye barafu fuata sikio kuliko saa. Mwanzo utasikia kugongagonga kama kokoto ndani ya ndoo, halafu mlio unalainika na kuwa mvumo mmoja. Ukisikia mvumo, zima. Ukiendelea, visu vinapasha moto kinywaji na barafu inageuka maji uliyoyapima mara ya pili bila kujua. Jagi la lita 1.5 lisipite theluthi mbili kabla ya kuwasha, kwa sababu povu litapanda. Mwenye jagi dogo afanye mikupuo miwili.

Kuhusu jina: Julius Freed alifungua kibanda cha juisi Los Angeles mwaka 1926. Bill Hamlin, dalali aliyemsaidia kupata mahali hapo na ambaye zamani alikuwa mtu wa kemia, tumbo lake halikupatana na uchachu wa machungwa, akabuni mchanganyiko wa kuipoza juisi na kuipa povu. Inasimuliwa kwamba wateja walikuwa wakiagiza, "Nipe orange, Julius," na jina likakaa. Kinywaji kilifika Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, na mwaka 1987 kampuni ikanunuliwa na Dairy Queen. Tunachokupa hapa ni mwigo wa jikoni, si fomula ya kampuni. Lakini mama mkwe atatambua.

Huku kwetu juisi ya kopo ya kugandisha sijawahi kuiona dukani. Machungwa yapo tele, tena ya Muheza. Je, nisahau habari hii? (Msomaji, Tanga)

Usisahau, una kitu bora kuliko kopo. Unachohitaji ni kuitoa maji juisi yako mwenyewe, na friza inatosha. Usiichemshe ili ipungue: juisi ya machungwa iliyokaa motoni inanuka jamu, na harufu hiyo haifichwi na vanila wala barafu.

Kamua machungwa 13 hadi 16 mpaka ufikishe lita 1. Ganda la kijani lisikutishe. Ukanda wa pwani usiku haupoi vya kutosha kuondoa ukijani wa ganda, hivyo chungwa linaiva ndani huku nje likibaki vilevile. Chagua kwa mkono: liwe zito kuliko linavyoonekana na ganda lake liwe laini. Tumia kikamulio cha kuzungusha kwa mkono na usilikandamize ganda mpaka litoe mafuta yake, kwa kuwa mafuta hayo ni machungu na yanaua povu. Rangi ikitoka hafifu, ongeza chenza mbili zilizoiva vizuri. Chuja kwa chujio la chai.

Mimina juisi kwenye chupa ya plastiki ya lita 1.5, uache nafasi juu maana inatanuka ikiganda (chupa ya kioo itapasuka). Isimamishe kwenye friza usiku kucha. Asubuhi toa kifuniko, pindua chupa mdomo chini juu ya jagi, iache itone. Tazama rangi ya matone ya kwanza: yanakuja mazito, ya rangi ya asali, na ukiyaonja ulimi unashtuka kwa utamu na ukali wake. Ndani ya chupa barafu inaanza kupauka kutoka juu kuja chini. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika: maji huganda yakiwa fuwele safi, na sukari pamoja na asidi ya chungwa hubaki kwenye majimaji yaliyobanwa kati ya fuwele hizo, ambayo huyeyuka mapema kuliko maji.

Kusanya mililita 400, kisha simamisha. Kwa joto la Tanga ni kazi ya saa mbili hivi, kukiwa na ubaridi inachukua zaidi. Usiitikise chupa, usiiweke juani. Barafu ikiyeyuka yote kwa mpigo unarudishiwa juisi uliyoanza nayo. Friza dhaifu iliyogandisha nusu tu si hasara: yale majimaji yanayocheza katikati ndiyo juisi nzito yenyewe, mimina kwanza hayo.

Kwenye kanuni tuliyoitoa juu, mililita zako 400 zinashika nafasi ya kopo na maji kwa pamoja. Yaani usiongeze maji kabisa. Mengine yote yanabaki kama yalivyo. Na ile barafu iliyopauka kwenye chupa usiimwage: kata chupa, pondaponda gramu 200 zake ndani ya kitambaa safi, uitumie badala ya barafu ya maji. Bado ina chungwa kidogo ndani yake, kwa hiyo hata ikiyeyuka glasi haipoozi. Iliyobaki weka kwenye chai ya baridi.

Kitu kimoja kinachoponyoka wengi: juisi iliyokwisha kutona imekaa saa mbili kwenye joto la jikoni. Irudishe kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa ndipo uikutanishe na maziwa. Sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Hamjambo jikoni. Mimi hutumia maziwa ya ng'ombe ninayochemsha mwenyewe. Kila nikitia juisi yanakatika, nabaki na vipande vyeupe na maji ya manjano. Wengine wanasema machungwa yangu ni mabaya. (Msomaji, Mombasa)

Hatujambo. Machungwa yako hayana neno. Protini kuu ya maziwa, kaseini, hushikamana maziwa yakikaribia asidi ya pH 4.6 (kwenye kipimo hiki namba ikishuka, uchachu unazidi). Juisi ya machungwa iko kati ya 3.5 na 4, chini ya mpaka huo. Kwa hiyo ukweli ni kwamba maziwa ndani ya Orange Julius yanakatika siku zote, hata kwa mpishi hodari. Tofauti ni ukubwa wa vipande. Vikiwa vidogo mno ulimi unavisikia kama uzito laini, na ndio huo unaosifiwa. Vikikua unaviona kama ulivyoandika.

Kinachovikuza ni joto, kwanza kabisa. Maziwa yaliyotoka kuchemka yakapoa "kidogo" bado ni ya moto kwa kazi hii. Yaache usiku kwenye friji, utoe utando wa juu wote. Juisi pia iwe ya friji. Baridi haizuii kukatika, inakuchelewesha, na wewe unahitaji dakika 10 tu za kunywa.

Cha pili ni namna ya kumimina. Ukimwaga maziwa juu ya juisi iliyotulia, tone la kwanza la maziwa linazungukwa na asidi pande zote na linaganda palepale likiwa donge. Geuza: maziwa yatangulie ndani ya blenda, yazunguke, na juisi iingie kama uzi mwembamba kwa sekunde 20 hivi. Visu vinakata kila kipande kabla hakijapata mwenzake wa kushikana naye.

Cha tatu ni muda. Kinywaji kilichokaa nusu saa mezani kitajitenga: povu juu, maji ya manjano chini, na mpaka unaouona kwa macho kupitia kioo. Hakijaharibika. Kirudishe kwenye blenda na kijiko 1 cha mezani cha maziwa ya unga na vipande viwili vya barafu, sekunde 10, unywe hapohapo.

Mafuta nayo yana shauri lake. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yana malai mengi, na mafuta hulilegeza povu kwa kuingia kwenye kuta za vipovu na kuzipasua. Ukiweza kupata maziwa ya unga yasiyo na mafuta, tumia gramu 25 (vijiko 3 vya mezani) zilizokorogwa kwenye mililita 240 za maji ya baridi yaliyochemshwa. Kwa povu, hakuna maziwa yanayoyashinda. Yenye mafuta yanafaa pia, ila tegemea povu fupi.

Nimeona kwamba zamani walitia yai bichi. Nina ujauzito wa miezi mitano na nina hamu nalo. Linadhuru? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada, yai bichi liache. Ni kweli kwamba vibandani mteja aliweza kuomba yai bichi litiwe kwenye kinywaji chake. Lakini yai linaweza kubeba salmonela hata likiwa na ganda safi na zima, na baridi ya barafu haiviui vijidudu hivyo wala asidi ya chungwa haitoshi. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa hawana sababu ya kujaribu.

Ute wa yai si wa lazima. Kazi yake ni povu tu, ladha haina. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuuacha na kuongeza gramu 25 za maziwa ya unga juu ya maziwa ya kwenye kanuni; povu litakuwa fupi lakini laini. Ya pili ni unga wa ute uliopitishwa kwenye joto kiwandani, uhakikishe paketi inasema hivyo. Ya tatu ni kuupasha mwenyewe, kama una kipimajoto cha jikoni: ute wa mayai 2 na sukari gramu 50 kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji, ukikoroga bila kupumzika mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71 za Selsiasi. Sukari ndiyo inayouzuia ute usiive na kuganda kabla ya kufika hapo. Poza kabisa ndipo uutie blenda, na sukari hiyo iwe ndiyo sukari yote ya kinywaji. Bila kipimajoto usibahatishe kwa kidole.

Kwa anayetumia ute wa namna yoyote ya majimaji: tone moja la kiini linatosha kuliua povu lote, na vilevile jagi la blenda lililosagia karanga jana. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, lisuuze, lipanguse kwa ndimu.

Jambo wandugu. Hapa Montreal tuna mgahawa wenye umbo la chungwa kubwa, wanauza kinywaji kinachofanana na hicho. Ni kitu kimoja? (Msomaji, Montreal)

Ni ndugu wa mbali, si kitu kimoja. Ule ni Gibeau Orange Julep wa Hermas Gibeau, ulioanza mwaka 1932, na chungwa lake la ghorofa tatu liko kando ya Décarie. Kinywaji chake ni chepesi kuliko Orange Julius, hakisagwi na barafu, na maziwa yake hayasikiki sana. Ukitaka kukikaribia, chukua kanuni yetu, ondoa barafu yote, ongeza maji ya barafu mililita 150, badala ya maziwa ya majimaji tumia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 20 na maji mililita 240, kisha upige dakika nzima. Bila barafu unaweza kupiga muda mrefu, maana hakuna kinachoyeyuka, na ndiyo maana povu lake ni jembamba na refu.

Nilitia machungwa mazima, nimemenya tu ganda. Yalikuwa matamu, baada ya saa moja yakawa machungu. (Msomaji, Nairobi)

Mbegu na ule utando mweupe ndio uliokufanyia hivyo. Ndani yake kuna kitu ambacho hakina uchungu chungwa likiwa zima, lakini likishasagwa na kukutana na asidi ya juisi hugeuka taratibu kuwa limonini, na limonini ni chungu. Ndiyo maana glasi ya kwanza ilikudanganya. Kamua, usisage. Uchungu ukishaingia hautoki.

Muscat joto halisemeki na kwenye friji siku zote tuna laban, maziwa ya mgando ya kunywa. Inafaa mahali pa maziwa? (Msomaji, Muscat)

Inafaa, na ina akili yake. Laban imekwisha kuganda kwa uchachu wake yenyewe, kwa hiyo chungwa haliwezi kuishtua. Wewe hutaona vipande kamwe. Bei yake ni mbili: uchachu unazidi, na povu linapungua. Tumia laban isiyo na chumvi mililita 200, pandisha sukari mpaka gramu 70, na usipunguze vanila hata kidogo, kwa sababu vanila ndiyo inayoukumbusha ulimi kwamba hiki si kinywaji cha mlo wa mchana. Kilicho mbele yako sasa kimesogea karibu na lasi ya chungwa, ule mtindi wa Kihindi wa kunywa. Hatuoni ubaya.

Mwingine wa hukohuko ameuliza habari ya tui la nazi. Halikatiki kama maziwa, lakini mafuta yake yanalizamisha povu. Kama hunywi maziwa kabisa, weka tui jepesi mililita 100 na maji mililita 140, na povu ulitafute kwenye maji mazito yaliyochemshiwa dengu zile kubwa za chana, yasiyo na chumvi: vijiko 2 vya mezani kwa kila ute wa yai mmoja. Yapige kwanza peke yake na sukari mpaka yawe meupe, kisha uendelee. Harufu ya dengu inapotea chungwa likiingia.

Nataka kukiuza kwenye kibanda changu cha juisi. Nikitengeneza ndoo nzima asubuhi kitafika mchana? (Msomaji, Arusha)

Hakitafika hata saa nne. Mwangalie mteja wa dakika ya kumi: povu lililokuwa na upana wa vidole viwili limebaki kimoja, na vipovu vilivyokuwa vidogo kama vya sabuni ya kunyolea vimeungana kuwa vikubwa vinavyopasuka kimoja kimoja. Kinywaji hiki kinasagwa mteja akiwa amesimama mbele yako. Unachoweza kuandaa ni sehemu zake.

Jioni pima vifuko vikavu, kifuko kimoja kwa glasi mbili: maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 12, sukari ya unga gramu 25, unga wa ute vijiko 2 vya chai. Vifunge visipate unyevu. Juisi igande usiku na itone asubuhi kama tulivyomweleza msomaji wa Tanga, na uigawe kwenye chupa ndogo za mililita 200 zinazokaa kwenye boksi la barafu. Mteja akifika: maji baridi mililita 120 na kifuko, sekunde 20, vanila nusu kijiko cha chai, chupa ya juisi, barafu gramu 100, mpaka mvumo. Kazi ya dakika moja na nusu ukishazoea.

Barafu na maji viwe vya maji yaliyochemshwa au ya kiwandani. Hapa hakuna moto wa kuokoa uzembe wowote. Jagi lisuuzwe kila baada ya mteja, kwani maziwa yaliyokaukia chini ya visu ndiyo yanayoanza kunuka kwanza. Na uwe na blenda inayostahimili barafu. Ya nyumbani, yenye kiungo cha plastiki chini ya jagi, ikisaga vipande vizima kutwa itakatika meno. Kama ndiyo uliyonayo, ponda barafu kwanza kwa mchi ndani ya gunia safi la kitambaa. Bei usipange kwa hesabu ya juisi ya kawaida: lita 1 uliyokamua inakupa glasi nne, tena barafu yake imeingia humo humo.

Sukari ya kawaida badala ya ya unga? Kwenye baridi kali chembe zake haziyeyuki ndani ya sekunde 20, zinatua chini, na mteja anamalizia glasi kwa mchanga mtamu. Isage kavu kwenye blenda kavu dakika moja, ikitulia ndipo ufungue kifuniko.

Umeme ukikatika ndio mwisho? (Wasomaji wawili, Zanzibar na Kigoma)

Siyo. Chukua chupa ya mdomo mpana ya lita 2 yenye kifuniko kisichovuja. Ponda barafu iwe kama chumvi ya mawe, isiwe vipande. Koroga maziwa, unga wa ute na sukari kwa waya wa kupigia mayai mpaka mkono uchoke, dakika tatu hivi, mimina ndani ya chupa, tia juisi na vanila, kisha barafu. Funga, funika kwa taulo, tikisa dakika moja na nusu kwa nguvu, ukisimama mara moja kulegeza kifuniko kidogo na kukikaza tena. Povu litakuwa la vipovu vikubwa na litakwenda haraka, kwa hiyo glasi ziwe zimeshapangwa kabla hujaanza kutikisa.